Mkunazini: Kanisa Tunalolipita Kila Siku

 

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya jengo ambalo sisi watu wa Mjini na Ng'ambo tunalipita mwaka hadi mwaka: kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini. Ukitoka Darajani na samaki wako, ukakata vichochoro kuingia Mji Mkongwe, mnara wa kanisa hilo unauona juu ya mapaa, na mnara wa msikiti wa jirani uko papo hapo. Getini hapakosi wageni. Wamevaa kofia za jua, wamemzunguka mtembezaji wao, wanasimuliwa kwa Kiingereza, Kitaliano, Kijerumani, Kifaransa. Sisi tunawapisha, tunapita, tunakwenda zetu.

Nimezaliwa mji huu na nimekulia humu, na jambo hili linaniuma. Habari nzito kuliko zote za mji wetu inasimuliwa pale kila siku, na wanaosimuliwa ni watu wa mbali. Mtoto wa Stockholm anaondoka akijua kilichotokea Mkunazini. Mtoto wa Kikwajuni hajui, au anajua vipande viwili vitatu alivyoviokota skuli kwa ajili ya mtihani.

Basi nilimchukua mtoto wa kaka yangu, msichana wa kidato cha tatu, tukaenda kama waendavyo wageni. Tukakata tiketi getini, nikaomba tupewe mtembezaji atakayetuzungumzia kwa Kiswahili. Akaja kijana, akatuamkia shikamoo, akasema, "Bibi, leo mmenifurahisha." Mwanzoni ulimi wake ulikuwa mzito kidogo. Amezoea kuyasema mambo hayo kwa lugha za wenzetu, na sentensi zake zilikuwa zikisimama katikati kutafuta njia. Baada ya dakika chache njia ikapatikana, na tangu hapo sikutaka anyamaze.

Alianzia uani, akatutaka tusimame tu na tutazame chini. Hapa, akasema, ndipo lilipokuwa soko la mwisho la wazi la watumwa katika mji wa Unguja. Waliouzwa hapa wengi walitoka bara, huko pande za Ziwa Nyasa na zaidi ya hapo: Wayao, Wanyasa, Wamanyema na wengine wengi. Waliteremshwa kwa miguu hadi Kilwa Kivinje au Bagamoyo, wakapakiwa majahazini, wakavushwa bahari. Wageni waliofika Unguja karne ya 19 wameandika walivyoona katika masoko ya mji huu: watu wamepakwa mafuta ya nazi ngozi ing'ae, wamepangwa kwa kimo na umri, mnunuzi anawafungua vinywa kutazama meno, anawaamuru watembee na wakimbie ili ajue kama wana kilema.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa akiandika katika daftari lake. Alipofika hapo kalamu ikasimama.

Sokoni hapo watu hawakuishia. Wengine walibaki papa hapa Unguja na Pemba, katika mashamba ya karafuu yaliyostawi tangu enzi za Sayyid Said bin Sultan. Wengine walipelekwa Oman na nchi za Ghuba, katika mitende, majumbani na kazi za lulu. Wengine walikwenda visiwa vya Wafaransa kwenye mashamba ya miwa. Karafuu tunazojivunia, harufu ile inayowapokea wageni wakishuka bandarini, wao ndio waliozipanda na kuzichuma. Nilitaka binti yule alisikie hilo kwa lugha anayoota nayo ndoto, na akalisikia.

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alitia saini mkataba na Waingereza, baada ya kuelezwa waziwazi kwamba akikataa manowari zitaziba bandari yake. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku, masoko yakafungwa. Mwaka huohuo, siku ya Krismasi, misheni ya Kianglikana ya UMCA ikaweka jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja wa soko. Fikiria haraka iliyokuwapo. Haikutimia hata miezi saba. Watu waliouzwa pale mwaka ule walikuwa hai, wako mjini, na wengine bila shaka walisikia nyundo za mafundi.

Lakini kijana wetu alifanya jambo ambalo nataka kumsifu kwalo. Hakutuachia tuamini kwamba mkataba ule ulimaliza utumwa. Alisema soko lilifungwa, utumwa wenyewe haukufungwa. Mtu aliyekuwa mtumwa shambani tarehe 4 Juni alikuwa mtumwa shambani tarehe 6 Juni. Magendo yakaendelea, na ukienda Mangapwani, kaskazini ya mji, utaoneshwa chumba cha mawe kilichochimbwa chini ya ardhi ambamo watu walifichwa wakisubiri majahazi ya usiku. Sheria ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba ilikuja mwaka 1897, enzi za Sayyid Hamoud bin Mohammed. Tena wamiliki ndio waliolipwa fidia. Waliotumikishwa hawakulipwa kitu. Masuria waliachwa nje ya sheria ile, wakangoja hadi mwaka 1909. Piga hesabu mwenyewe, msikilizaji, kutoka 1873 hadi 1909. Binti aliyekuwa kwenye nyumba ya bwana wake siku soko lilipofungwa, akiwa na umri wa mtoto wa kaka yangu, alikuwa ameshazeeka.

Tukaenda kwenye kumbukumbu iliyo uani, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, iliyowekwa mwaka 1998. Ni shimo la mstatili, na ndani yake zimesimama sanamu za watu watano, shingoni wana minyororo. Huwatazami kwa kuinua macho kama tunavyotazama masanamu ya wakubwa. Unainamisha kichwa. Nyuso zao hazifanani. Kila mmoja amechongwa kuwa mtu kivyake, na nadhani hilo ndilo lililomfanya binti azunguke shimo lile akimtazama mmoja mmoja. Wageni wengi hupiga picha wakaenda. Sisi tulikaa.

Kisha tukateremka kwenye vyumba vya chini vya jengo la Mtakatifu Monika, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana kuna jambo la ukweli ambalo lazima lisemwe.

Vyumba hivyo ni vya kutisha. Dari ni fupi, unaingia umeinama. Kuna madirisha madogo mno, kuna vibaraza vya mawe pande zote na mfereji katikati, na minyororo imewekwa. Wageni kwa miaka mingi wameambiwa kwamba humu walijazwa makumi ya wanawake na watoto wakisubiri siku ya mnada. Ukiwa mle, joto lile na giza lile vinakufanya uamini kila neno. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni mwishoni mwa karne ya 19, soko likiwa limekwisha fungwa, na lilikuwa hospitali. Wanahistoria kadhaa wamesema kwa sababu hiyo kwamba vyumba vile huenda ni ghala za hospitali na wala havikuwa jela ya watumwa. Kijana wetu alitueleza pande zote mbili, yale yanayosimuliwa na yale ambayo wachunguzi wanasema, kisha akanyamaza ili tufikiri.

Najua wapo watakaosema, kwa nini kuwavunja watu moyo? Acha hadithi ibaki, lengo ni jema. Mimi sikubaliani kabisa. Mateso ya watu wale yamethibitika. Yapo katika mikataba, katika vitabu vya forodha, katika barua za makonseli, katika maneno ya waliookolewa walioandikiwa maisha yao, katika nasaba zetu. Hayahitaji kuongezewa chumba. Anayetaka kukana kwamba utumwa wa Unguja ulikuwa mkatili anatafuta tundu moja tu la kupitia, na tukimpa chumba ambacho tarehe zake hazikai sawa, tumempa tundu hilo kwa mikono yetu. Mtembezaji anayemwambia mgeni "hili tunalijua, na hili lina shaka" anawaheshimu marehemu kuliko yule anayetafuta machozi. Maonyesho yaliyofunguliwa mwaka 2016 ndani ya jengo hilohilo yanafaa kusomwa polepole. Usikimbilie vyumba vya chini ukayaruka.

Ndani ya kanisa ni baridi. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, na madirisha yamechongwa kwa namna ambayo macho yanakosa kuamua kama yanatazama Uingereza au Uarabuni. Inua macho utazame dari. Ni pipa moja refu la zege, matumbawe yaliyopondwa yakachanganywa na saruji, bila boriti ya kuishikilia. Watu walisema litawaangukia. Askofu Edward Steere, aliyeisimamia kazi hiyo, hakuwasikiliza, na ibada ya kwanza ikasaliwa Krismasi ya mwaka 1877. Dari lile lipo hadi leo. Karibu na mlango wa magharibi kuna nguzo ambazo inasimuliwa mafundi waliziweka juu chini wakati askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyohivyo. Mafundi hao hawana majina katika masimulizi. Wanatajwa kwa kosa la nguzo, na kwa dari lililosimama miaka hii yote anasifiwa askofu. Nilisema hilo kwa sauti, na kijana akatikisa kichwa kukubali.

Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Ndipo panaposemwa kuwa ulisimama mti waliofungiwa watumwa na kupigwa mijeledi, ili mnunuzi aone nani anastahimili. Nyuma ya madhabahu amezikwa Steere mwenyewe, aliyefariki hapa mwaka 1882.

Juu ya mtu huyu nataka niseme kidogo, maana katika ziara za kawaida anapewa sentensi moja. Alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa padri, akafika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, mkuu wa misheni wakati huo. Alikaa na watu wa mji huu, wakiwemo masheikh, akawauliza lugha yao. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha kuwafundisha wageni Kiswahili cha Unguja, na mwaka huohuo akatoa mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji, Waislamu, hadithi zilezile ambazo bibi zetu walitusimulia ukumbini. Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapisha, na waliopanga herufi moja moja walikuwa vijana waliokombolewa utumwani. Tafakari hilo. Mtoto ameletwa Unguja amefungwa, lugha yake ya nyumbani ni Kiyao au Kinyasa, na miaka michache baadaye vidole vyake ndivyo vinavyokipa Kiswahili umbo la chapa. Wakati wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi iliyoanzia kwenye mtambo ule ilikuwa sehemu ya sababu. Mimi ninayesema nanyi redioni kwa lugha hii nina deni kwa vijana wale, na ni deni ambalo sikupata kufundishwa skuli.

Kando kuna msalaba wa mbao. Inaelezwa kwamba mbao zake zimetokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa alipofariki mwaka 1873. Wageni wengi hukaza macho hapo, kwa kuwa jina la Livingstone wanalijua. Ni sawa, na dirisha la vioo vya rangi lipo kwa kumbukumbu yake, kama lilivyopo la mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakiwinda majahazi ya watumwa. Lakini nani aliuzika moyo ule? Nani aliukausha mwili, akaubeba kwa miezi, kupitia nchi ambazo watu waliogopa hata kuiona maiti, mpaka Bagamoyo, ukavushwa hadi Unguja na kupelekwa Uingereza? Ni wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani. Alifariki hapahapa Unguja, mwaka 1882, mwaka uleule aliofariki Steere. Kijana wetu aliwataja wote wawili kwa majina bila kuulizwa. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Na kuna jina ambalo nilimuuliza mimi, kwa sababu naliheshimu mno: Cecil Majaliwa. Myao, alitekwa akiwa mtoto mdogo, akaletwa Unguja, akakombolewa, akasoma kwenye chuo cha misheni Kiungani na baadaye Uingereza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri. Akaenda kufanya kazi Chitangali, kusini ya Tanganyika, karibu na nchi alikonyakuliwa. Kabla yake alikuwepo John Swedi, mmoja wa watoto watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864 baada ya kukamatwa kwenye jahazi la watumwa. Naye akawa shemasi mwaka 1879. Kwangu mimi, Mwislamu niliyeingia kanisani kusikiliza, habari za watu hawa zina uzito kuliko vioo vyote vya rangi. Mtoto aliyeuzwa amerudi kusimama kwenye ardhi ya soko, na anayesema sasa ni yeye, wengine wanamsikiliza.

Tukatoka tena uani. Juu ya mnara kuna saa, na inasimuliwa kwamba ni Sayyid Barghash aliyeitoa, kwa sharti mnara usiwe mrefu kuliko kasri alilokuwa akitaka kulijenga, Beit al-Ajaib. Hapo ndipo binti aliponiuliza alichokuwa amekibeba tangu mwanzo.

"Shangazi, walionunua ni nani?"

Kijana akanitazama mimi. Aliona swali hilo ni la mwenye mtoto.

Na hii ndiyo sababu ya mazungumzo yangu ya leo. Huwa tunasema hatuingii Mkunazini kwa kuwa ni kanisa, nasi wengi wetu ni Waislamu. Siamini kwamba ndiyo sababu. Jirani zetu Wakristo tunakwenda harusini kwao na mazikoni kwao. Hatuingii kwa sababu swali lile linatungoja mle ndani. Waliofadhili misafara walikuwa Wahindi wa mji huu. Walioiongoza walikuwa Waarabu na Waswahili, na maarufu kuliko wote, Tippu Tip, nyumba yake ipo Shangani mpaka leo. Waliouza huko bara walikuwa machifu wa bara. Waliotaka pembe, karafuu na sukari walikuwa mpaka Ulaya na Marekani. Na walionunua mtumishi mmoja wa nyumbani, au wawili wa shambani, walikuwa watu wa kawaida wa mji huu, wakiwemo baadhi ya wazee wetu. Wakati huohuo, katika ukoo huohuo, yuko bibi aliyeletwa na jahazi. Unguja hii, aliyenunua na aliyenunuliwa wamezaa pamoja, na sisi ndio watoto wao. Sote tuna sababu ya kunyamaza, ndiyo maana ukimya wetu umekuwa mzito hivi. Jambo hili limeshatumiwa vibaya katika siasa zetu, watu wamenyoosheana vidole kwa rangi na majina, damu imemwagika, na wazee wakaona heri wafunge midomo.

Nawaelewa. Lakini hebu tazama matokeo yake. Wazee wamefunga midomo, basi mtoto anaisikia habari ya nyumbani kwao kutoka kwenye filamu ya wageni au kwa mtu mwenye ghadhabu yake. Nilimwambia binti ukweli, palepale, nikimtajia na yale niliyoyasikia utotoni juu ya mama wa babu yangu, ambaye alikuwa akiitwa kwa jina la kupewa na hakuna aliyelijua la kwao. Hakulia. Aliuliza maswali mengine matano, yote mazuri, na mawili sikuwa na majibu yake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa historia wa skuli za mjini: pelekeni watoto Mkunazini, na waombeni watembezaji wawazungumzie kwa Kiswahili. Nendeni asubuhi mapema, kabla makundi hayajajaa, na msiwapeleke watoto wadogo kwenye vyumba vya chini. Mkimaliza Mkunazini, pandeni daladala mwende Mbweni, ambapo misheni ilikuwa na kijiji cha waliokombolewa na kanisa la mwaka 1882 limesimama hadi leo kati ya miti. Kule hakuna msongamano na makaburi yanasomeka.

Na wewe msikilizaji wa Mbweni, wa Kiungani, wa Mkunazini penyewe, mwenye mzee nyumbani aliyesimuliwa na wazee wake: tuandikie, au njoo naye studio. Tutamwekea kiti na kipaza sauti, na tutamwacha aseme kwa mwendo wake. Jina alitaje akitaka, asipotaka tutaliheshimu. Wiki ijayo saa hizihizi nitaanza na barua zitakazokuwa zimefika.